Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupunguza Bakteria kwenye Nyama, Kuanzia Zizini hadi Buchani

Nimekagua nyama kwa miaka mingi na maswali ni yale yale. Wachunaji huniuliza saa kumi na moja alfajiri, wenye mabucha saa nne asubuhi, mama lishe jioni wakati wanafunga hesabu. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu tukiwa tumesimama machinjioni. Vitabu vya taaluma humwita ng'ombe aliyechinjwa na kuchunwa "mzoga". Mimi neno hilo silitumii, kwa sababu kwa watu wengi wa kwetu mzoga ni nyamafu, kitu kisicholiwa. Nitasema ng'ombe aliyechunwa, au nusu, yaani upande mmoja wa ng'ombe aliyepasuliwa mara mbili.

Ng'ombe alikuwa mzima kabisa. Hao bakteria wametoka wapi?

Nyama ya ndani ya ng'ombe mzima, ile ambayo kisu hakijaifikia, ni safi. Bakteria karibu wote unaowakuta juu ya nyama wameletwa: wametoka kwenye ngozi, kwato, utumbo, maji, visu na mikono yetu. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu wa machinjioni alale nalo na kuamka nalo. Nyama haikuzaliwa chafu, sisi ndio tunaichafua kati ya kuchinja na kuuza.

Tena afya ya ng'ombe haina maana kwamba utumbo wake hauna vijidudu vya hatari kwetu. E. coli aina ya O157:H7 hukaa ndani ya utumbo wa ng'ombe bila kumuumiza hata kidogo. Akiingia kwa mtoto, vijidudu visivyofika mia vinaweza kutosha kumharisha damu, na wengine figo zao hushindwa kufanya kazi. Salmonella naye yumo katika utumbo wa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Kuna mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye mara nyingi hatoki kwa mnyama. Anatoka puani mwetu na kwenye vidonda vya vidole vyetu.

Lakini nyama tunapika. Supu inachemka saa tatu nzima. Tatizo liko wapi?

Kuchemsha kunaua bakteria, ni kweli, na supu iliyochemka vizuri sina ugomvi nayo. Ila kabla nyama haijaingia sufuriani, maji yake mekundu yameshapita kwenye kibao, kwenye kisu, kwenye mikono ya mpishi, na kibao hicho hicho ndicho kinachokatiwa kachumbari. Kachumbari haichemshwi.

Pili, ile Staphylococcus ikipata muda wa kuzaliana juu ya nyama yenye joto huacha sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kuchemsha. Bakteria watakufa, sumu itabaki.

Tatu, nyama ya kusaga. Kwenye mnofu mzima bakteria wako juu, na moto unaanza na juu. Ukisaga, cha nje kinaingia ndani, na kababu iliyoiva ganda tu imebeba wazima katikati. Hilo ndilo lililotokea Marekani mwaka 1993: hambaga ambazo hazikuiva katikati ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na watoto wanne wakafa. Mwaka uliofuata serikali yao ikatangaza kwamba nyama ya kusaga yenye O157:H7 haifai kuuzwa, na mwaka 1996 ikavilazimisha viwanda vya nyama kufuata mfumo wa HACCP, ambao nitaufikia huko chini. Kwa nyama ya kusaga, katikati pafike nyuzijoto 71.

Mhuri wa mkaguzi hautoshi?

Mhuri unasema tumemwona mnyama akiwa hai, tukakagua tezi, ini, mapafu na moyo, tukatafuta tegu, kifua kikuu, minyoo bapa na majipu. Salmonella haonekani kwa jicho, na mimi sina jicho la hadubini. Nyama inaweza kuwa na mhuri halali na ikachafuliwa dakika tano baadaye na begani mwa mbebaji.

Usafi unaanzia hatua gani?

Zizini, siku moja kabla. Mnyama apumzike, anyimwe chakula saa 12 hadi 24, lakini maji anywe atakavyo. Tumbo likiwa limejaa ni rahisi kupasuka wakati wa kulitoa, na likipasuka kazi yote ya asubuhi hiyo imeharibika.

Kupumzika kuna faida nyingine ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui. Mnyama aliyetulia ana sukari ya akiba ndani ya misuli. Baada ya kuchinjwa sukari hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umeongezeka) hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5 ndani ya siku moja. Uchachu huo unawapunguza kasi bakteria wa kuozesha. Ng'ombe aliyeswagwa, aliyepigwa fimbo na kukesha akipigana ameimaliza akiba hiyo. Nyama yake inabaki nyeusi, kavu na ya kunata, na inaoza mapema. Kwa hiyo anayempiga ng'ombe usiku anaitupa fedha ya tajiri wake asubuhi.

Watu huuliza pia kama wamwoshe ng'ombe kabla ya kuchinja. Kama ana matope mabichi na muda wa kukauka upo, sawa. Lakini kumchinja akiwa analowa chepechepe ni vibaya kuliko kumchinja akiwa na vumbi kavu, maana maji yanayotiririka kwenye ngozi yanafuata kisu chako.

Na mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda puani au sehemu za haja, asiguswe na asipasuliwe. Huenda ni kimeta. Mwite daktari wa mifugo.

Wakati wa kuchuna, hatari kubwa iko wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vita tunaposhinda au kushindwa.

Ngozi ina pande mbili: ya manyoya, yenye samadi na vumbi la zizi, na ya ndani, inayong'aa. Kazi yote ya mchunaji ni kuhakikisha ule upande wa manyoya haugusi nyama. Ukishapasua tundu la kwanza, geuza makali ya kisu yatazame nje, uendelee kukata kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutoka nje, kila mkato unapeleka manyoya na samadi chini ya ngozi. Kisha ukunje ngozi kuelekea nje kadiri unavyoendelea, isijirudie ikaifunika nyama.

Mikono nayo igawane kazi. Mkono unaoshika ngozi ubaki kwenye ngozi, unaoshika kisu usiguse manyoya. Mtazame fundi mzuri: mkono wa kushoto una matope hadi kiwikoni na wa kulia ni mweupe mpaka anamaliza. Mtazame anayejifunza: anaivuta ngozi kwa mkono wa kushoto, kisha anauweka mkono ule ule juu ya paja ili asiteleze. Vidole vitano vya samadi vimechorwa pale, na hata havionekani sana.

Kuchuna mnyama akiwa ananing'inia ni bora sana kuliko kumchuna sakafuni. Sakafuni damu, kinyesi, maji na buti za watu wote vinakutana na nyama. Kama huna mashine ya kumpandisha, angalau uwe na kitanda cha chuma cha kuchunia, kinachooshwa baada ya kila mnyama.

Kabla ya kufungua tumbo, funga njia mbili. Umio ufungwe kwa kamba ili chakula cha tumboni kisimwagike shingoni. Njia ya haja kubwa ikatwe kwa kuzungukwa, ifunikwe kwa mfuko wa plastiki na kufungwa kabla ya kurudishwa ndani. Kamba na mfuko ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote machinjioni, na sijaona mashine inayofanya kazi kubwa kama hiyo. Halafu fungua tumbo polepole, ncha ya kisu ikitazama nje na ngumi yako ikiwa ndani kuusukuma utumbo mbali.

Kinyesi kikigusa nyama, si nioshe tu?

Hapana. Kata. Chukua kisu safi, ondoa sehemu ile pamoja na nyama kidogo pembeni yake, tupa. Ukimwaga maji doa linapotea machoni, lakini bakteria wametiririka nayo kutoka pajani hadi mbavuni hadi shingoni, na waliobaki wamejishika kwenye nyuzi za nyama.

Kibaya zaidi ya maji ni tambara. Nilifanya kazi kwenye machinjio moja ambako kulikuwa na ndoo moja ya lita 20 na kitambaa kimoja cha taulo la zamani. Kila ng'ombe aliyechunwa alipanguswa kwa kitambaa kile, kikakamuliwa, kikarudi ndooni. Nilisimama kando nikaitazama ile ndoo. Ng'ombe wa kwanza, maji yakawa na rangi ya waridi. Wa nne, yakawa kama chai ya rangi, mafuta yakielea juu. Wa tisa, sikuona tena kiganja cha kijana kilipozama. Ng'ombe wa tisa alikuwa msafi kabla hajapanguswa. Yeye alipakwa uchafu wa wale wanane waliomtangulia. Kijana alikuwa anafanya kazi kwa bidii na kwa moyo safi, hakuna aliyewahi kumweleza. Siku ile tuliitoa ndoo, na sijaruhusu tambara mahali popote nilipokagua tangu hapo.

Visu visafishwe kwa maji ya moto kiasi gani?

Nyuzijoto 82. Ndicho kipimo kilichoandikwa katika kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2004, na ndicho kinachotumika viwandani karibu kila mahali. Nunua kipimajoto, usikisie kwa mvuke.

Osha kisu kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ndipo ukitie kwenye maji hayo. Damu na mafuta vikikutana na maji ya moto kwanza huiva na kugandana na chuma, na bakteria wanajificha chini yake. Kuchovya na kutoa papo hapo hakusaidii, kisu kinahitaji kukaa. Ndiyo maana tunasema visu viwili kwa kila mchunaji: kimoja mkononi, kimoja kimelala kwenye maji, na vinabadilishana baada ya kila mnyama, pia baada ya kukata ngozi na kabla ya kugusa nyama.

Kuosha ng'ombe aliyechunwa kwa maji ya moto kunasaidia kweli?

Kunasaidia, kama hakuna tena uchafu unaoonekana. Maji lazima yawe ya kunywa. Maji ya kisima kisichopimwa yanaweza kuongeza bakteria badala ya kupunguza. Kwenye viwanda vikubwa hunyunyiza maji yanayofika juu ya nyama yakiwa na nyuzijoto 74 au zaidi, kwa sekunde 10 au zaidi. Maji hupoa yakiwa hewani, kwa hiyo kwenye bomba huwa ya moto kuliko hapo. Uso wa nyama hubadilika rangi kidogo, kisha rangi hurudi ikipoa.

Matangazo ya dawa na mashine husema "inaua 99%". Fanya hesabu. Sehemu ya nyama ikiwa na bakteria 1,000,000, ukiua 99% wanabaki 10,000. Ikiwa na 1,000, wanabaki 10. Dawa ni ile ile, asilimia ni ile ile, lakini aliyechuna vizuri ndiye aliyefaidi.

Vipi asidi ya laktiki na klorini?

Asidi ya laktiki ni asidi ile inayochachusha mtindi. Marekani imetumika kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya nao uliruhusu itumike juu ya ng'ombe waliochunwa, ikiwa 2% hadi 5% ndani ya maji yasiyozidi nyuzijoto 55. Inafanya kazi vizuri ikinyunyizwa sawasawa juu ya nyama iliyo safi tayari. Iwe ya daraja la chakula, ipimwe, na uwe na kibali cha mamlaka ya nchi yako. Asidi isiyo na lebo, iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, usiiingize machinjioni kabisa.

Klorini ni nzuri kwa maji, sakafu na meza, ila juu ya nyama ina udhaifu: ikikutana na damu na mafuta inaisha nguvu upesi. Ulaya haikubali kuku walioogeshwa kwa klorini tangu mwaka 1997. Hoja yao ni kwamba dawa ya mwisho isiwe kisingizio cha uchafu wa mwanzo. Wamarekani wenyewe siku hizi hutumia zaidi asidi ya perasetiki kwenye matangi ya kupoozea kuku. Katika mabishano hayo mimi niko karibu na Ulaya kwa hoja, ingawa sikatai dawa ikiwa kazi ya kuchuna imeshafanyika vizuri.

Jambo jingine lisichanganywe na hili. Mwaka 2019 Kenya ilitikiswa na habari za nyama ya supamaketi iliyotiwa sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu. Huko si kupunguza bakteria. Huko ni kumficha mteja umri wa nyama.

Nyama ipoozwe haraka kiasi gani?

Bakteria akiwa kwenye joto analolipenda hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja, baada ya saa 7, amekuwa zaidi ya milioni 2. Nyama iliyochinjwa saa kumi usiku ikaning'inia kwenye bucha lisilo na friji hadi saa tano asubuhi, imewapa saa hizo 7.

Viwandani nyama ya ng'ombe hushushwa hadi nyuzijoto 7 na kuzuiwa isipande tena. Ini, moyo na figo hushushwa hadi 3. Nusu zining'inizwe bila kugusana ili hewa ya baridi izunguke, maana pale zinapobanana joto hukaa na unyevu hukaa. Usizishtue pia. Nyama ya ng'ombe ikishuka chini ya nyuzijoto 10 katika saa 10 za mwanzo misuli hukaza na nyama huwa ngumu kutafuna. Kama huna chumba cha baridi, chinja kiasi utakachouza asubuhi ile, na uchune kwa uangalifu maradufu, kwa kuwa ubaridi hautakuokoa.

Usafirishaji ndio unaoniuma zaidi. Nusu inatoka ikiwa safi, inapandishwa begani mwa mbebaji mwenye koti ambalo tangu Jumatatu halijafuliwa, inatupwa kwenye boksi la bati la pikipiki ambalo pembe zake zina damu kavu ya jana. Koti lifuliwe kila siku, lichemshwe. Boksi lisuguliwe pembeni kwa brashi, likauke likiwa wazi, na asipande abiria wala kuku hai juu ya nyama.

Na kuku?

Kwa kuku hatari iko kwenye maji ya kuchovya kabla ya kunyonyoa na wakati wa kutoa utumbo. Pipa moja la maji yasiyobadilishwa linawagawia kuku wote kilichotoka kwa mmoja. Maji yabadilishwe au yatiririke, utumbo utolewe bila kupasuka, kisha kuku wapoozwe hadi nyuzijoto 4. Nyumbani usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba linaloruka matone, bali mpike mpaka ndani pafike 74.

Tunatengeneza soseji, na zimeshapikwa. Bado tuna wasiwasi gani?

Listeria. Huyu ni bakteria anayezaliana hata ndani ya friji, anapenda mifereji ya maji machafu, magurudumu ya toroli na mashine za kukatia. Soseji inatoka jikoni ikiwa haina kijidudu, inachafuliwa wakati wa kumenya na kufungasha, kisha mlaji anaila bila kuipika tena. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, watoto wachanga wakiwa wengi miongoni mwa wagonjwa, na chanzo kilikutwa kwenye poloni, aina ya soseji nene iliyopikwa tayari.

Kwa hiyo watu na vifaa vya upande wa nyama mbichi wasivuke kwenda upande wa iliyopikwa. Na usafi ufuate mpangilio: kwangua mabaki kukiwa kukavu, suuza, sugua kwa sabuni, suuza tena, ndipo utie dawa, halafu pakauke. Dawa juu ya mafuta ni fedha iliyomwagwa. Kwa dawa ya klorini ya 3.5%, mililita 57 ndani ya lita 10 za maji zinakupa sehemu 200 kwa milioni. Usirushe maji kwa presha kwenye mifereji wakati soseji ziko wazi. Ukungu wake unapanda mezani.

HACCP ni nini, na ni ya viwanda vikubwa tu?

Ni utaratibu wa kujiuliza hatari iko hatua gani, kuweka kipimo hapo, kukifuatilia, kuandika, na kujua mapema utafanya nini kipimo kikivukwa. Ulianza Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga, ambao wasingeweza kuharisha huko juu. Machinjio ya ng'ombe kumi kwa siku yanaweza kuufuata kwa daftari moja: joto la maji ya visu, hakuna kinyesi kinachoonekana, joto la chumba cha baridi. Kinachowashinda wengi ni kuandika ukweli. Nimeona madaftari yenye "82" kwa wino mmoja mwezi mzima, na mtambo wenyewe ukiwa umezimwa.

Nitajuaje kama juhudi zangu zinazaa matunda?

Pima. Maabara hupangusa kwa pamba safi eneo la sentimita 100 za mraba na kuotesha bakteria. Chukua shingoni, kifuani na pajani, kwani huko ndiko uchafu hupenda kukaa. Usikate tamaa kwa matokeo ya siku moja, yalinganishe wiki kwa wiki. Shingo ikipanda, angalia umio na maji yanayotiririka. Paja likipanda, angalia mikono ya wachunaji na njia ya haja.

Nina bucha dogo na fedha ni kidogo. Nianze na nini?

Anza na gogo la kukatia nyama. Nyufa zake zimejaa mafuta na unga wa mifupa ambao panga linausukuma ndani kila siku. Weka ubao wa plastiki mgumu na msumeno wa mfupa. Kisha tenga ndoo yenye bomba na sabuni kwa ajili ya mikono tu, na mtu anayepokea fedha asishike nyama. Utumbo na makongoro yawe na meza yake na kisu chake. Fedha ikipatikana, nunua kipimajoto kabla ya kupaka rangi ukuta, ukiweke katikati ya friji na si mlangoni, na usiku wa leo uone kinasoma ngapi.